Unga Unaokataa Maji

Watu wengi wa mtaa wetu walidhani Barutwanayo ni bubu. Alikaa uani kwangu hapa Ujiji karibu miezi miwili kabla jirani yangu Mwanvua hajamsikia akitoa sauti, na hata siku hiyo alikuwa anamwambia kuku ampishe njia. Mimi niliyempangisha chumba nilijua kwamba anasema, ila anasema kidogo, tena mpaka aulizwe. Ukimuuliza kama amekula, atakujibu ndiyo. Amekula nini, usipouliza hutajua mpaka kiyama.

Alikuja mwaka wa tisini na tano, miaka ile watu walipokuwa wanamiminika kutoka Burundi kwa maboti na kwa miguu. Yeye, mkewe Anésie na binti yao Lyse waliingilia Kagunga, kijiji cha mpakani. Walipopanda boti kule kwao Rumonge walikuwa wanne. Mtoto wao wa kiume, Ciza, homa ilimzidia njiani, wakamzika Kagunga. Hayo niliambiwa na Anésie. Alisema mumewe alipomaliza kufukia alinawa mikono ziwani, akauliza boti ya Kigoma inaondoka saa ngapi. Tangu siku ile, alisema, ni yule yule kwa sura, lakini ndani ameingia ganzi. Unamgusa hujui kama umemgusa.

Mimi mambo hayo yananiudhi, nisiseme uongo. Kwetu mtu akifiwa analia, akitaka kuzimia anazimia, watu wanamshika, wanampepea, na baada ya arubaini anaanza kurudi kwenye hali yake. Sasa mtu asiyelia utamshika wapi? Siku moja Anésie alisahau chumvi kwenye migebuka, samaki wa ziwa letu, mumewe akala sahani nzima. Kesho yake hakuitia makusudi, amwone atasema nini. Akala. Siku iliyofuata nikamwambia Anésie aache mchezo, atie chumvi, maana aliyekuwa anaadhibiwa pale ni mtoto.

Kwao Barutwanayo alikuwa msaidizi wa maabara kwenye shule ya sekondari. Wenzake wengi walipelekwa kambini huko Kasulu, naye angepelekwa, lakini ikatokea kwamba Daktari Pastory anatafuta mtu. Daktari huyu ni Muha, mtoto wa hapa hapa mkoani, na alikuwa amefungua nyumba ndogo ya utafiti upande wa Bangwe. Alinilalamikia kwamba kila anayemwajiri anapiga porojo huku anapima, vipimo vinakwenda kombo. Nikamwambia kama anataka mtu asiyepiga porojo, ninaye mmoja anaozea uani kwangu. Wiki haikuisha, Barutwanayo akaanza kazi, na kibali cha kukaa mjini akatafutiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza unga. Ulitoka Ulaya kwenye vichupa vidogo vya rangi ya kahawia, haujapewa jina bado, una namba tu. Waliouunda walitaka kujua kama unaweza kushusha uvimbe wa viungo. Mtaani tuliuita unga wa panya, kwa sababu waliokuwa wanapewa ni panya weupe. Nilitaka kujua zaidi, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua, na jioni moja nikachagua mchele karibu na pale alipokaa nikaanza kumchokonoa.

"Baba Lyse, huo unga ukoje?"

"Ni wa njano. Njano ya kufifia."

"Unakoroga kwenye maji?"

"Hapana. Unakataa maji. Unaelea juu."

"Sasa unakorogwa na nini?"

Akanieleza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi kwa mkupuo mmoja, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Kuna kimiminika maalumu, cheupe kama maji, ndicho kinachouyeyusha. Kimiminika hicho kinapenya ngozi upesi sana. Tone likikudondokea kidoleni, baada ya muda mfupi mdomoni unasikia ladha ya kitunguu saumu, na hujala kitu. Kikishakuwa na unga ndani, kinaupitisha nao huo unga mpaka kwenye damu, kwa hiyo lazima glavu. Wakati wa kupima anafunga kitambaa puani na mdomoni, anazima feni, kwa sababu unga ni mwepesi na vumbi lake halionekani. Kichupa kinalala kwenye friza, na kikitolewa hakifunguliwi kikiwa baridi. Kinaachwa mezani na kifuniko chake mpaka kipate joto la chumba. Hewa yetu ya ziwani ina maji mengi, alisema. Kama chupa ya soda inavyotoka jasho ukiitoa kwenye friji, jasho hilo litaingia ndani, na unga utaganda.

"Na mafuta je? Mafuta unayakubali?"

"Unayakubali."

Anésie alikuwa pembeni anaparua samaki. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Na uvimbe unashuka kweli?"

"Ego, ndiyo. Asubuhi mguu wa panya umevimba. Alasiri umerudi."

Kisu cha Anésie kikasimama. Mumewe akainuka, akachukua ndoo, akaenda kuoga. Hakuulizwa zaidi, naye hakuongeza.

Ni lazima nieleze kwa nini kisu kilisimama. Masika yale Lyse, ambaye alikuwa ametimiza miaka minane, aliumwa koo, ikafuata homa, kisha magoti yakavimba na vifundo vya miguu navyo vikafuata. Hospitali walimpa aspirini na sindano ya kila mwezi, wakasema itachukua muda, mama awe na subira. Mtoto aliyekuwa anaruka kamba na wajukuu wa Mwanvua sasa alikuwa anasota kwa makalio kutoka mlangoni mpaka jikoni. Usiku magoti yakimchoma alikuwa analia kwa Kirundi, na mimi chumbani kwangu nilikuwa nasikia.

Hata hivyo, kila alasiri, lango likilia tu, Lyse alijivuta uani kumpokea baba yake. Alikuwa anafika amejaa vumbi, anasema shikamoo. Baba alisimama, akamwekea mkono kichwani, akasema "Ntaco." Kwao maana yake ni kwamba si kitu, hakuna neno. Kisha akapita ndani. Kila siku hivyo hivyo. Nilikuwa natamani kumrushia mwiko. Inakuwaje si kitu, na mtoto anatambaa?

Anésie alikuwa anafanya kazi Kibirizi, kwenye dagaa. Ukitaka kuwaelewa watu wa dagaa, elewa jambo moja: kwao jua ndilo fundi wa kila kitu. Dagaa wakinyeshewa usiku wakalegea, asubuhi wanarudishwa mchangani, wanageuzwa, wanakauka, wanauzika. Mashuka, mihogo, kuni, mtoto mwenye mafua, vyote dawa yake ni kuvitoa juani. Na mimi siwacheki, maana nyumbani kwangu nafanya hivyo hivyo.

Basi ikatokea wiki moja umeme ukawa unakatika, na Daktari Pastory amesafiri kwenda Dar es Salaam. Kazini walibaki wawili, Barutwanayo na Feliksi, mtu mzima mwenye watoto watano na haraka zisizo na sababu. Umeme uliporudi, Feliksi alitaka kufidia muda. Akatoa kichupa kwenye friza, akakifungua hapo hapo kikiwa kinatoa mvuke wa baridi. Hewa ya ziwa ikaingia. Barutwanayo alipofika, unga ulikuwa umeshikana mabonge, kama sukari ya wakati wa masika. Hakugomba. Alikizungushia karatasi yake ya fedha, ile inayong'aa kama ya ndani ya pakiti ya sigara, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha, karibu na mfuko wa panya waliokufa, ili jioni vyote viingie kwenye tanuri la kuchomea taka.

Mchana Anésie alimletea ugali. Alimkuta amevua glavu, anakwenda kunawa. Akaona kichupa. Akamuuliza Feliksi hicho ni nini, Feliksi akamjibu huku anatafuta ufunguo wake kwamba ni ule unga, umeingia unyevu, unatupwa. Anésie hakuamini masikio yake. Kitu kizima kinatupwa kwa sababu ya unyevu? Akakichukua, kikaingia kwenye pindo la kitenge chake. Barutwanayo aliporudi na kukuta kizingiti kitupu, alifikiri Feliksi amekwisha kukipeleka motoni. Hakumuuliza.

Unga ukaanikwa Kibirizi, kwenye sinia, katikati ya dagaa, umefunikwa kipande cha chandarua usipeperushwe na upepo. Anésie alikuwa anaugeuza kwa ncha ya kijiko. Mabonge yakavunjika, ukawa laini tena. Rangi iligeuka kutoka njano ikawa ya kahawia, naye akaridhika, maana hata dagaa hubadilika rangi wakikauka vizuri. Kwa kuwa alikumbuka kwamba unakataa maji, aliupasha kidogo kidogo kwenye mawese. Akampa Lyse kijiko cha chai asubuhi na kingine jioni. Akamwambia ni dawa ya mama, baba asiambiwe.

Kesho yake mtoto hakulia. Siku iliyofuata alikunja goti. Siku ya nne, alasiri, nilikuwa napepeta unga wa muhogo nikamwona Lyse ameshika mlango, amesimama. Akauachia. Akapiga hatua, akapiga nyingine, mikono ameinyosha mbele. Ungo ulinidondoka. Nilipiga vigelegele mpaka Mwanvua akaja mbio akidhani nina mgeni. Anésie alikaa kwenye kinu, amefunika uso kwa kitenge, mabega yanacheka na kulia pamoja. Kwa mara ya kwanza uani kwangu palikuwa na furaha ya watu wale.

Lango likalia. Barutwanayo akaingia, na binti yake akamwendea kwa miguu. Alikuwa amekonda, anayumba, lakini anatembea. Akafika, akasema shikamoo, akaangalia juu kungoja mkono uje kichwani.

Mkono haukuja. Yule bwana alimtazama magoti. Halafu akatutazama sisi, na kwa muda wote niliomjua, hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Amekula nini?"

Mimi kwa kweli sikujua.

"Anésie. Amekula nini?"

Anésie akasema. Alisema haraka, kwa Kirundi na Kiswahili vimechanganyika, kizingiti, sinia, mawese, na mwisho akasema, "Si unaona mwenyewe anatembea."

"Choo chake kikoje?"

"Kimekuwa cheusi tangu jana. Uchafu wa ugonjwa unatoka."

Barutwanayo alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Akaanza kutueleza, na sauti ni ile ile aliyonielezea habari ya feni na glavu. Panya wanaopewa unga siku moja, miguu inarudi na wanacheza. Panya wanaopewa siku nyingi, miguu inarudi vilevile, lakini choo kinakuwa cheusi kama masizi ya chungu. Hiyo ni damu iliyopita tumboni. Baadaye hawali. Daktari akiwapasua, tumbo lina vidonda vidogo vidogo, kama limetobolewa na sindano. Yeye ndiye anayewabeba kwenda kuwachoma.

"Ulikuwa unajua," Anésie akasema. "Kila siku ulikuwa unajua. Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Anésie akamzaba kofi. Sikumshika, na nisingemshika hata kama ningeombwa. Yeye aliinua tu uso na kuuliza, "Uliukausha wapi?" Alipoambiwa juani, alifumba macho. Ndiyo sababu ya chupa ya kahawia na karatasi ya fedha, alisema. Mwanga unauharibu. Ukishapigwa na jua siyo unga ule tena, na umegeuka kitu gani, hakuna anayejua, si yeye wala daktari.

Aliomba kilichobaki. Kilikuwa zaidi ya nusu ya kichupa. Anésie alikileta, lakini hakukiachia. Akapiga magoti na kumwambia wapunguze, wampe ncha ya kijiko tu, wampe siku moja na kuruka mbili, maana panya ni panya na mtoto ni mtoto. "Ametembea," alikuwa anasema. "Nimemwona ametembea." Nilikuwa nimesimama pale na chozi linanitoka, na sikujua niwe upande wa nani, kwa sababu na mimi nilimwona.

Barutwanayo alimfungua vidole kimoja kimoja. Jiko langu la mkaa lilikuwa linawaka. Alituambia tusimame upande upepo unakotoka, moshi usitufikie, na tufunike pua. Akamwaga. Mkaa ukatoa moshi mzito wa manjano. Lyse, aliyekuwa amesimama kwa miguu yake miwili, akapiga kelele kwamba ile ni dawa yake, asiimwage. Baba yake alikitupia na kichupa, akafunika jiko kwa sufuria. Halafu akamweka mtoto mgongoni, akatoka naye kwenda hospitali, na mkewe anamfuata nyuma bila viatu.

Walimlaza. Choo kiliendelea kuwa cheusi, midomo ikawa myeupe, wakamtafutia damu. Barutwanayo akatoa yake, ikamfaa. Kisha tumbo likatulia, na rangi ikaanza kumrudia. Daktari Pastory aliporudi safarini, Barutwanayo alimweleza yote bila kuficha. Daktari alikasirika, akatembea huku na huku, halafu akasema labda jua lilikula nguvu ya unga na ndiyo maana mtoto bado yupo, na labda siyo hivyo, yeye hajui. Akaagiza sanduku la chuma lenye kufuli kwa ajili ya vitu vya kuchomwa. Kazi hakumfukuza.

Lyse alirudi nyumbani, na uvimbe nao ukarudi. Goti la kulia lilitangulia, kisha la kushoto, na mwisho vifundo. Hospitali walikuwa wameshasema itakuwa hivyo: arudie sindano zake, aspirini isimamishwe kwa sasa kwa sababu ya tumbo, na subira. Anésie alirudi Kibirizi kwenye dagaa wake, na mimi ndiye niliyebaki kushinda na mtoto.

Siku ambayo Barutwanayo alianza tena kazi, lango lilipolia alasiri, Lyse alikuwa amekaa mlangoni. Hakujivuta kwenda kumpokea. Aligeuza uso akautazama ukuta.

"Lyse," nikamwambia, "baba amerudi. Shikamoo iko wapi?"

"Simpi."

"Humpi kwa nini?"

"Alichoma miguu yangu."

Aliyatamka polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Nikaweka chini nilichoshika. Nilitaka kumwambia kuhusu damu, panya, na tumbo lililotobolewa, nimwambie kwamba baba yake ndiye aliyempa damu ile ya hospitali. Nikaanza, "Sikiliza mwanangu, baba yako—"

"Mwache, Bi Hadija," Barutwanayo akasema. "Usimwambie. Akijua dawa ya mama yake ndiyo iliyomtoa damu, atabaki na nani?"

Akachuchumaa karibu naye, akaweka mkono kichwani kwa binti yake kama alivyokuwa anafanya siku zote. Lyse akaupiga ule mkono. Haukuondoka. Akaupiga tena, akaupiga kwa ngumi, analia na kusaga meno, na kila akipiga, magoti yanamuuma na yeye mwenyewe anapiga ukelele. Mkono ulikuwa pale pale.

"Inaniuma," Barutwanayo akasema.

Alisema tena, "Bi Hadija, inaniuma," na yule mtu akalia. Alilia kwa sauti, kamasi zinamtoka, mpaka Mwanvua akatokea langoni, nikampungia arudi. Nilisahau hasira zangu zote na yeye. Nilienda nikamshika mabega kwa nyuma, kama tunavyoshika watu, akaniegemea na uzito wake wote.

Lyse aliacha kupiga. Alimtazama baba yake kidogo, machozi yake mwenyewe yamekauka mashavuni. Kisha akageukia ukuta tena.